Ushahidi wa Baba kwa Mwanawe

Katika vitabu vya fiqhi tunavyowasomesha vijana wetu umo mlango mmoja ambao wanafunzi wengi hupenda kuupita mbio, nao ni mlango wa ushahidi. Humo imeelezwa ni nani ambaye ushahidi wake hupokewa mbele ya kadhi, na ni nani ambaye hurudishwa. Wanavyuoni wengi, na miongoni mwao wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, wamesema kwamba baba hapokewi anapotoa ushahidi wa kumfaa mwanawe, wala mwana hapokewi anapotoa ushahidi wa kumfaa babaye. Si kwamba baba amehesabiwa mwongo, la hasha. Ni kwa kuwa mwana ni kipande cha babaye, na mwenye kumshuhudia mwanawe kwa wema ni kama mwenye kujishuhudia nafsi yake. Lakini baba huyo huyo akisimama kushuhudia haki ya watu iliyo juu ya mwanawe, hapo husikilizwa, maana hakuna awezaye kumdhania upendeleo.

Kila mwaka tunapofika mlango huu hapakosi kijana wa kuniuliza, "Maalim, haya yatatufaa wapi, na sisi hatutakuwa makadhi?" Nami nimezoea kumjibu kwa kumsimulia mazungumzo ya redio niliyoyashuhudia kwa macho yangu mwaka 2015, baina ya diwani mmoja na baba yake mzazi. Nimeona kheri niyaandike hapa, ili yawafae na wale wasiokaa mkekani kwangu.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kuwa redio katika nchi zetu si jambo la jana. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilianza kusikika mwaka 1951, na wazazi wetu walikuwa wakikusanyika barazani kwa yule mwenye chombo hicho kusikiliza habari, mawaidha na tarabu. Baada ya sheria ya mwaka 1993 kuruhusu watu binafsi kufungua vituo vya utangazaji, redio zilizidi Tanzania Bara, hata siku hizi miji mingi midogo ina redio yake. Redio hizi ndogo zimeleta jambo jipya. Zamani aliyesema redioni alikuwa mtu wa mbali. Sasa asemaye ni jirani yako, na wasikilizaji wake ni wale anaokutana nao sokoni na msikitini. Kwa hiyo akisema uongo, wapo wa kumjua.

Wanasiasa nao wameijua nguvu ya chombo hiki, na wengine wao hupenda kuja na wazazi wao. Hilo halina ajabu, kwani jina la baba limekuwa na uzito mkubwa katika siasa za dunia. Zanzibar iliongozwa na Mzee Abeid Amani Karume tangu 1964 mpaka alipouawa mwaka 1972, na mwanawe, Amani Abeid Karume, akawa Rais tangu 2000 hata 2010. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliiongoza Zanzibar kabla ya kuwa Rais wa Tanzania mwaka 1985, na mwanawe, Hussein Ali Mwinyi, akachaguliwa kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 2020. Kenya iliongozwa na Mzee Jomo Kenyatta, kisha tangu 2013 hata 2022 na mwanawe Uhuru. Hata ufukara wa baba huwa na nguvu yake. Sadiq Khan, Mwislamu aliyechaguliwa kuwa Meya wa London mwaka 2016, mara nyingi aliwakumbusha watu kwamba baba yake, aliyehamia huko kutoka Pakistan, alikuwa dereva wa basi. Sisemi haya kwa kumtia mtu ila. Nataka tu msomaji aone kwamba, baba akiwa mkubwa au akiwa mdogo, jina lake hutumika kuwa ni shahidi wa mwana. Ndiyo maana swali la mlango wetu wa fiqhi bado lina kazi: ushahidi huo una uzito gani?

Basi tuje kwenye kisa chenyewe. Mzee ninayemsimulia alikuwa fundi wa majahazi katika mji mmoja mdogo wa pwani ya Tanga. Tangu ujana wake alishinda ufukoni akichonga mataruma, akitoboa mbao kwa keekee, na kutia kalafati baina ya mbao ili maji yasipenye. Elimu yake ilikuwa ya chuoni tu, lakini aliisoma vizuri, na kitabu cha fiqhi alikisoma kwa mwalimu mpaka akakihitimu. Alipozeeka macho yake yaliingia mtoto wa jicho, akawa hatembei ila kwa kushikwa mkono.

Mwanawe nilimjua tangu mdogo, kwani alikuwa katika wanafunzi wa mwanzo niliowasomesha juzuu nilipokuwa kijana. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi na mwenye sauti nzuri. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa diwani wa kata yetu, na sote tulifurahi. Mwaka 2015 ulipoingia alitaka arudi tena. Siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, redio ya jirani ilimwalika katika kipindi kiitwacho cha maisha binafsi, wakamwomba aje na baba yake. Mzee alipoletewa habari alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nitakwenda. Lakini nitasema nikijuacho." Akaniomba mimi nimshike mkono.

Chumba cha kutangazia kilikuwa kidogo, na kuta zake zimefunikwa magodoro ili sauti isivume. Feni ilizimwa, kwa kuwa mlio wake husikika hewani, na jasho likatutoka sote. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alianza na diwani, akamuuliza juu ya utoto wake, naye akaeleza kwa ufasaha namna alivyokuwa akimpelekea baba yake uji ufukoni, na namna alivyofunzwa kusali, kusema kweli na kuwahurumia maskini. Maneno yale yalikuwa mazuri, na mimi niliyemjua utotoni nashuhudia kwamba mengi yake yalikuwa ya kweli.

Kisha kijana akamgeukia mzee. "Babu, hebu tuambie wewe mwenyewe. Ni jambo gani linalokufanya ujivunie mwanao?"

Mzee alisema kwa sauti ndogo, hata ikabidi kipaza sauti kisogezwe karibu na mdomo wake. "Mjukuu wangu, swali hilo umemuuliza asiyefaa kulijibu. Mimi ni baba yake. Nikimsifu, sifa zangu hazina thamani. Kadhi asingezipokea, na wewe usizipokee."

Mtangazaji akacheka, akadhani ni mzaha wa wazee. Diwani naye akacheka. Mzee hakucheka. Akaendelea, "Lakini uko ushahidi wangu mmoja unaopokewa, nao ni ule wa haki za watu zilizo juu yake. Huo ninao. Mwaka 2011 watu wa mtaa wetu walichanga fedha za pampu na tangi la kisima cha msikiti. Mimi nilitoa shilingi elfu ishirini, nilizozipata kwa kuuza shoka langu na keekee yangu. Wapo wanawake wauza maandazi waliotoa mia tano tano. Fedha hizo alikabidhiwa mwanangu. Pampu hatukuiona. Sisemi kwamba amezila. Hilo silijui, na nisilolijua silishuhudii. Nilijualo ni kwamba hesabu haijasomwa, na leo ni mwaka wa nne."

Ndugu msomaji, redio haipendi kimya. Lakini kimya kilichoingia mle chumbani kilikuwa kadiri ya mtu kusoma Qul huwallahu mara tatu. Mtangazaji aliangalia karatasi yake asione la kuuliza. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wa mzee, nao ulikuwa ukitetemeka. Kule mtaani watu walikuwa wakisikiliza madukani na majumbani, na mambo ambayo kwa miaka minne yalisemwa kwa kunong'ona yalikuwa yamesemwa hewani, na tena na baba mtu.

Nilimtazama yule diwani. Uso wake ulibadilika rangi, na nilichelea asije akatamka neno ambalo mwana hafai kumwambia mzazi wake. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Bani Israil, aya ya 23, amekataza mtu hata kuwaguniia wazazi wake waliofikiwa na uzee, seuze kuwakemea. Njia za kukwepa zilikuwa nyingi mbele yake. Angeweza kusema kwamba mzee amezeeka na amesahau, na wengi wangemwamini. Angeweza kucheka na kuomba wimbo. Lakini malezi yana siku yake ya kuonekana. Aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Baba amesema kweli. Hesabu haikusomwa, na aliyepaswa kuisoma ni mimi. Nitaisoma Ijumaa hii baada ya sala, pale pale kisimani."

Na Ijumaa ile aliisoma. Watu walijaa hata wengine wakasimama juu ya ukuta wa madrasa. Fedha zilizochangwa zilikuwa shilingi 1,860,000. Katika hizo, shilingi 1,200,000 alizilipa kwa mfanyabiashara mmoja kwa ajili ya pampu na tangi. Mali haikuletwa, na yule mtu akafunga duka akaondoka. Hati ya malipo alikuwa nayo, akaionyesha. Shilingi 660,000 zilizobaki alikiri ya kuwa alizitumia katika safari na shughuli zake mwenyewe, kwa nia ya kuzirudisha, na hakuzirudisha. Alisema kwamba kila mwaka ulivyopita ndivyo haya ilivyozidi kumfunga mdomo. Wako waliomtukana, na wako waliolia. Hizo 660,000 alizilipa katika mwezi ule, baada ya kuuza pikipiki yake. Zile nyingine watu walimsamehe, kwa kuwa alidhulumiwa kama wao. Hata hivyo alikataa msamaha huo, akazilipa kidogo kidogo. Pampu ilifungwa mwaka 2016 kabla ya Ramadhani kuingia, na watoto wa madrasa yangu wakaanza kutawadha kwa maji ya bomba.

Katika kura za maoni za chama chake hakupita. Wako wasemao kwamba baba yake ndiye aliyemwangusha. Wako wasemao kwamba angeanguka kwa vyovyote, kwa kuwa maneno ya kisima yalikwisha enea. Mimi sijui, wala sioni kwamba jambo hilo ndilo kubwa.

Jambo kubwa ni lile ambalo watu walibishana barazani mwezi mzima wa Ramadhani: je, mzee yule alifanya sawa? Wengi walimlaumu. Walisema kwamba Uislamu umetufunza kusitiriana, na kwamba nasaha ya kweli hutolewa faraghani, kwani kumnasihi mtu mbele ya watu ni kumfedhehi. Maneno hayo ni ya haki, na hapana mwenye elimu awezaye kuyakataa. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri. Basi vipi baba afichue?

Nilimuuliza mwenyewe, jioni moja tulipokuwa tukingoja adhana ya magharibi. Alinijibu kwamba alimwendea mwanawe faraghani mara tatu katika miaka ile, na kila mara akaambiwa, "Bado kidogo, baba." Kisha akasema neno ambalo mimi nimelifanya kuwa ni darasa. Alisema, "Maalim, dhambi ya mtu baina yake na Mola wake, hiyo ndiyo ya kusitiri. Shilingi mia tano ya mwanamke muuza maandazi si siri yangu. Nitaisitirije, na si mali yangu?"

Nikaona kwamba mzee ameshika shina la jambo. Haki za Mwenyezi Mungu husamehewa kwa toba. Haki za waja hazisamehewi mpaka mwenyewe asamehe au arudishiwe. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 135, Mola wetu ametuamrisha tuwe imara katika uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili yake, hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu wa karibu. Na tazama mpaka aliouchunga. Hakumwita mwanawe mwizi. Hakusema alichosikia kwa watu. Alisema alilolijua, akanyamaza pale ujuzi wake ulipokoma. Wengi wetu tukipata nafasi ya kusema redioni au katika simu zetu hizi za mkononi, hatujui pa kukomea.

Wema waliotangulia walilijua jambo hili. Imepokewa kisa mashuhuri, ingawa wapokezi wa hadithi wana maneno katika sanadi yake, kwamba Sayyidna Ali alidai deraya yake mbele ya Kadhi Shurayh, na alipomleta mwanawe Hasan kuwa shahidi, kadhi akaukataa ushahidi wa mwana kwa babaye, na Sayyidna Ali, naye ni Khalifa, akaikubali hukumu. Na Sayyidna Umar bin Khattab, alipochomwa kisu na kujua kwamba anakufa, mwaka wa 23 wa Hijra, aliliacha jambo la ukhalifa mikononi mwa watu sita washauriane. Mwanawe Abdullah, ambaye elimu yake na ucha Mungu wake haukuwa na shaka, aliruhusiwa kuhudhuria shauri lao, lakini asiwe na fungu katika ukhalifa. Umar hakutaka jina lake liwe ngazi ya mwanawe.

Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, alipoombwa aache kumtia adabu mwanamke wa kabila tukufu aliyeiba, aliapa ya kuwa hata angekuwa Fatima, binti yake mwenyewe, hukumu ingepita. Hapana baba aliyempenda mwanawe kuliko alivyompenda yeye Fatima. Basi mapenzi ya mzazi na uadilifu havigombani. Hugombana pale tu tunapodhani kwamba kumpenda mtoto ni kumfunika.

Enyi wazazi, siku hizi watoto wetu hukabidhiwa amana nyingi, si udiwani peke yake. Mmoja ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama, mwingine ni mshika fedha za ujenzi wa msikiti, mwingine ni karani wa maiti na mazishi ya mtaa. Tunapowaona wamepewa kazi hizo sisi hufurahi, tukawasifu kwa jirani. Lakini ni nani kati yetu amwulizaye mwanawe chakulani, "Mwanangu, fedha za watu ziko wapi, na hesabu utaisoma lini?" Swali hilo likiulizwa nyumbani kwa upole, mwezi wa kwanza, halitahitaji kuulizwa redioni mwaka wa nne. Mfundi wa majahazi hutia kalafati chombo kikiwa bado pwani. Kikisha ingia kilindini kinavuja, hapana tena kazi ila kuyafuta maji.

Nanyi vijana, msidhani kwamba katika kisa hiki aliyepata heshima ni baba peke yake. Luqman alimuusia mwanawe, kama ilivyo katika sura yenye jina lake, asiwageuzie watu shavu kwa kiburi, asitembee kwa majivuno, na aipunguze sauti yake. Yule diwani alishikwa na kosa lake mbele ya mji mzima, naye alikuwa na kipaza sauti mbele yake. Hakuinua sauti. Alisema "Baba amesema kweli," na maneno hayo matatu yalimgharimu zaidi kuliko hotuba zake zote. Hata leo akitaka kuuza au kununua katika mji wetu, watu humkopesha bila ya hati, kwa kuwa walimsikia siku ile.

Mzee alifariki mwaka 2017. Mwanawe ndiye aliyemwosha, akashuka kaburini kumpokea. Baada ya talakini, mtu mmoja katika wale waliomlaumu mzee mwezi ule wa Ramadhani alimshika mkono kumpa tanzia, akamwomba radhi kwa maneno aliyoyasema juu ya baba yake. Akamjibu, "Usiniombe mimi radhi. Mimi alinisalimisha na deni."

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee yule na wazee wetu wote, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa wenye kusimama na haki, ikitufaa na ikitudhuru. Amin.